Hisa za Mke Wangu

3 Machi

Mvua imeanza. Daktari amegawa shajara walizoleta wauzaji wa dawa ya ganzi. Yeye amechukua yenye jalada la ngozi, mimi nimeachiwa ya plastiki. Ndiyo hali ya pale kazini: meno bandia natengeneza mimi, sifa anapewa yeye. Mgonjwa akijitazama kwenye kioo na kutabasamu, anamshukuru daktari. Hajui kwamba chumba cha nyuma yuko mtu mwenye vumbi la plasta hadi kwenye nyusi, aliyeshinda na lile jino siku nzima akilibembeleza.

Nimeamua kuandika humu habari za hisa zangu, zikipanda na zikishuka, ili niache kuzibeba kichwani. Nia yangu ni moja. Nataka tanuri la kuchomea meno ya kauri. Nikilipata nafungua karakana yangu mwenyewe, na daktari atakuja kupiga hodi kwangu kama wateja wengine.

6 Machi

Hisa za benki zimeshuka tena. Mvua.

9 Machi

Jumapili, chakula cha mchana kwa mama mkwe. Laiti ningeumwa nikabaki nyumbani.

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Mwaka jana aliniuliza hisa zinanunuliwaje, nikamweleza taratibu, kama yeye anavyowafundisha watoto wake kufunga kamba za viatu. Nikampeleka mwenyewe kwa dalali wangu, yule mwenye ofisi juu ya duka la miwani, ambaye tumembandika jina la Koti kwa sababu koti lake halivui hata jua liwake vipi. Akafungua akaunti kwa jina lake, nami nikaona ni mchezo wa kumpitishia muda, maana watoto wetu wako shule ya bweni na nyumba imepoa. Hisa zake za kwanza zilikuwa za kiwanda cha maziwa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema watoto wa darasani mwake wameacha kurudi nyumbani na paketi zilizonywewa nusu. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Leo, tukiwa mezani, kasema hisa za maziwa zimepanda karibu maradufu na ameshauza sehemu yake. Kasema polepole tu, huku anaomba apitishiwe chumvi. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akasema mwanawe ana mkono wa baraka tangu utotoni. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, baba, zile za benki zinaendeleaje?"

Nikamwambia zinapumzika. Walicheka wote, na mimi nikacheka nao, lakini roho iliniuma. Mimi ndiye niliyemfundisha. Miaka yote hii nasoma kurasa za biashara gazetini, nafuata riba, nafuata bei ya mafuta, halafu napitwa na paketi ya maziwa.

12 Machi

Nimejaribu kumfurahia. Imekataa.

15 Machi

Simu yake imelia tukiwa tunakunywa chai. Kaitazama, kainuka, katoka nayo barazani, kwenye manyunyu, na kufunga mlango nyuma yake. Nilimwona dirishani akiongea na kutikisa kichwa, mara anacheka. Aliporudi nikamuuliza ni nani. "Koti," akasema, kisha akaulizia sukari.

Huyo Koti ni mtu wa makamo, mfupi, hana sura ya kumsumbua mume wa mtu. Ila ana sauti. Ni sauti nzito, yenye utulivu, sauti ya mtu anayejua kesho itakuwaje na anakuonea huruma. Mimi akinipigia tunamaliza kwa maneno machache. Kwa mke wangu kumbe ana hadithi za kuchekesha. Nimekaa na chai yangu mpaka ikapoa, na sikujua ninamwonea nani wivu zaidi, Koti kwa kupata kicheko cha mke wangu, au mke wangu kwa kupata muda wa Koti.

19 Machi

Nimepita kwa Koti baada ya kazi. Nilijifanya nimekwenda kuuliza habari za benki, kisha nikachomekea, mke wangu siku hizi ananunua nini? Akaniambia siri ya mteja haitoki pale, hata kwa mume. Nikasema vizuri sana, basi na zangu asizipeleke kwa mke wangu hata kwa bahati mbaya.

"Usiwe na wasiwasi, bwana," akasema. "Mwenzako naye aliomba hivyohivyo."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimetembea mpaka nyumbani nikiwaza ana kitu gani cha kunificha.

22 Machi

Mke wangu kaninunulia koti la mvua kwa faida ya maziwa. Zuri, zito, lina mfuko wa ndani, na limenikaa kama nililopimiwa. Nikamshukuru. Asubuhi nikaliacha msumarini, nikaenda kazini nimelowa chapachapa. Daktari akaniuliza kama sina mwavuli, nikamwambia napenda mvua.

26 Machi

Benki: palepale. Mke wangu: anaimba jikoni.

30 Machi

Jumapili nyingine kwa mama mkwe. Sasa hata jirani yake, mshonaji wa mapazia, anakuja na kiti chake kumuuliza mke wangu anunue hisa gani. Mke wangu anamjibu bila maringo, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Angeringa, ningepata pa kumshikia. Mimi nilikaa pembeni nikiambiwa nisogeze miguu watu wapite.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa kubwa. Njia nzima niliona watu juu ya mapaa, wameshika nyundo, wanapokezana vigae. Mtaa wetu pekee nyumba zinazovuja hazihesabiki. Ndipo wazo likaja lenyewe. Kiwanda cha vigae vya paa kimo kwenye soko la hisa, hisa zake zimekuwa zikipanda kidogokidogo tangu mvua ianze, na hakuna anayekizungumzia. Huo ndio ugunduzi wangu. Sikuupata kwa watoto wa chekechea, nimeupata kwa macho na akili yangu.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Nilipokuwa naliwaza jambo hili sikuliwaza tanuri. Niliwaza meza ya mama mkwe, mimi naomba chumvi.

1 Aprili

Nimeuza zile za benki, kwa hasara. Nimemwambia Koti anitafutie za vigae. Akasema hisa zile hazina wauzaji, wenye nazo wamezikalia, na siku nyingine hakuna hata moja inayobadilisha mikono. Nikaona basi nimepatia. Kitu kizuri hakiuzwi ovyo.

4 Aprili

Mvua ya mawe kidogo. Wakati wa chakula cha jioni mke wangu kazungumza kwa kirefu habari za darasani, sijui watoto fulani hawaji tena. Nilikuwa naitikia tu. Kichwani nilikuwa napanga vigae.

8 Aprili

Leo ndiyo siku yenyewe.

Koti alinipigia nikiwa nakwangua meno ya juu ya bibi mmoja ambaye amekaa bila kutafuna tangu mvua ianze. Akasema amepatikana muuzaji wa vigae. Ana hisa nyingi, na anataka kutoka kwa mkupuo mmoja, hauzi kwa vipande. Nikauliza bei. Aliponitajia nikayaweka meno chini, maana ilikuwa juu kuliko ya jana, na kuzibeba zote kungekomba kila nilichonacho, pamoja na akiba ya tanuri. Nikamuuliza kama kuna mwingine anayezitaka. Akasema mpaka sasa ni mimi peke yangu, ila hawezi kuniahidi kuhusu kesho.

Hapo daktari akachungulia mlangoni, akauliza meno ya bibi yako wapi. Nikamwonyesha kidole, asubiri. Sijawahi kumwonyesha daktari kidole tangu aniajiri.

Nilimfikiria mke wangu barazani na kicheko chake. Nilifikiria lile koti msumarini. Ningengoja, yeye angenusa habari hii kutoka kwa mtoto yeyote mwenye kamasi na kuzichukua zote mbele ya macho yangu.

"Nunua," nikamwambia.

Koti akanirudishia swali, jambo ambalo si kawaida yake. "Una hakika? Kazungumze kwanza nyumbani."

"Wewe ni dalali au mama yangu?"

"Sawa, bwana. Nimekusikia."

Meno ya bibi niliyamaliza kwa haraka, na jino la mbele likatoka limeegemea upande. Daktari ameyarudisha niyaanze upya. Sikujali.

9 Aprili

Gazeti lina safu ya soko. Mbele ya jina la kiwanda cha vigae wameandika: biashara moja. Jana, katika soko zima, aliyenunua vigae ni mtu mmoja tu, nami nilimwona asubuhi akinyoa ndevu kwenye kioo changu.

11 Aprili

Zimepanda kidogo. Nimevaa koti la mvua.

13 Aprili

Kwa mama mkwe. Nilikuwa na habari mdomoni kama peremende, nikaizungusha bila kuitafuna. Nilitaka zipande zaidi kwanza, nije niiseme siku ambayo haitabishika. Jirani mshonaji alipomuuliza mke wangu anunue nini sasa, mke wangu akasema kwa sasa yeye mwenyewe anapumzika. Nikaguna. Mama mkwe akanitazama, akasema, bila kumtaja mtu, kwamba wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Nikamwambia mimi mbona nanenepa.

Tukiwa njiani mke wangu akaniuliza tanuri la meno linauzwa bei gani siku hizi. Nikamuuliza anauliza ya nini. Akasema anauliza tu. Nilijua anataka kunionyesha kwamba mimi bado nakusanya wakati yeye anapumzika. Nikamjibu kwamba bei hubadilika, nikaongeza mwendo.

17 Aprili

Imekwisha.

Nilisikia kwenye redio ya chumba cha kusubiri. Mtangazaji alisema kiwanda cha vigae kimezima tanuri zake zote, wafanyakazi hawajalipwa kwa miezi, wenye madai wamekwenda mahakamani. Alisema haya yote kwa sauti ileile aliyoisomea habari za hali ya hewa. Wagonjwa waliendelea kupekua majarida. Mmoja akalalamika kwamba anasubiri sana.

Nikampigia Koti. Akasema bei imeporomoka na hata hivyo hiyo ni bei ya kuandika tu, kwa sababu mnunuzi hakuna. Nikamwambia auze kwa chochote. Akarudia, kwa ile sauti yake, hakuna mnunuzi. Nikamuuliza muuzaji yule wa siku ile alikuwa nani, alijua nini, maana hakuna mtu anayetupa mzigo mzima namna ile bila kujua kitu. Akasema hilo hawezi kunijibu, na nilidhani nimesikia aibu ndani ya sauti yake.

Nilirudi kwenye benchi langu. Nikayashika meno ya bibi, nikayaweka, nikayashika tena. Watu wanakaa juu ya mapaa wakipigilia vigae na kiwanda cha vigae kinakufa, nani angedhani? Mtu yeyote angedhani, kama angekwenda kuuliza. Mimi sikuuliza. Niliona nyundo nikaona inatosha. Tanuri limekwenda. Nitakaa katika chumba hiki cha nyuma mpaka na mimi nihitaji meno.

Jambo la aibu kuliko yote ni hili. Nilipokuwa narudi nyumbani sikuwa nawaza hasara. Nilikuwa naomba mke wangu naye awe amepoteza kitu leo, chochote.

18 Aprili

Mvua. Sikula. Nimesema ni tumbo.

20 Aprili

Hatukwenda kwa mama mkwe. Mke wangu alisema leo tubaki, ana neno. Akatandika kitambaa mezani kama tunangoja wageni, akakaa mbele yangu, na nilimwona ana furaha anayoizuia kwa nguvu. Moyo ukaniambia, haya, lishakuja.

Akasema mwaka jana, baada ya maziwa, alinunua hisa nyingine kwa siri. Hakuniambia kwa sababu nilimcheka zile za kwanza. Alizikalia miezi yote. Halafu tangu mvua ianze akaona baadhi ya watoto wake hawaji darasani, alipofuatilia akakuta wote ni watoto wa wafanyakazi wa mahali pamoja, na wazazi hawajaona mshahara.

"Nilikwambia hapahapa mezani," akasema. "Ukaitikia."

Basi siku chache baadaye akamwambia Koti amtafutie mnunuzi, mzigo wote, kwa mpigo. Kabla ya hapo alikuwa akimuuliza tu hali ya hisa hizo, ndiyo hizo simu za barazani. Koti akamwambia ni vigumu, lakini yuko mtu mmoja, hamu yake imezidi akili. Mke wangu alisema usiku ule alimwombea mtu huyo, maskini, asighairi kabla ya asubuhi.

Nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimejua tangu aliposema mzigo wote, lakini mdomo ulitaka uhakika.

"Uliuza lini?"

"Tarehe nane."

Nikamtajia bei. Nikaitaja yote, mpaka senti ya mwisho, na yeye akaanza kutabasamu akidhani nimesoma gazetini. Kisha tabasamu likaanza kumtoka taratibu. Alinitazama usoni, akatazama lile koti la mvua nililoanza kulivaa siku zile, akanitazama tena.

"Ni wewe," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Alianza kucheka, hakuweza kujizuia, alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Nami sikuona aibu tu, niliona hasira, kwa sababu kicheko chenyewe kilikuwa kilekile cha barazani. Alipoinua uso alikuwa analia. Akasema alitaka kuninunulia tanuri. Akasema hiyo ndiyo iliyokuwa habari.

Nimepiga hesabu baadaye. Hela haikutoka nyumbani. Ilitoka upande wangu wa kitanda ikahamia upande wake, na Koti akatoza ada kwa wote wawili. Alimwahidi kila mmoja kumfichia mwenzake, na mtu mwaminifu yule akatunza ahadi zote mbili.

22 Aprili

Nimepita kwa Koti kumgombeza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikwambia kazungumze nyumbani." Nikashuka ngazi.

24 Aprili

Hatusemeshani sana, ila si ugomvi. Ananiangalia kama anavyomwangalia mtoto mgeni, akijiuliza atakaa kundi gani. Hajamwambia mama yake. Najua, kwa sababu mama mkwe kapiga simu na kunisalimia kwa ukali wake wa kawaida. Huko kunifichia kumeniuma pia. Ningependa angenitangaza, nami nipate cha kulalamikia.

27 Aprili

Mawingu yamefunguka tangu juzi, mitaro imekauka. Asubuhi tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nakausha. Akasema bila kugeuka kwamba amefikiri wiki nzima. Hela ile anaiona si yake sawasawa. Yuko tayari kunirudishia yote, ninunue tanuri, na mama yake asijue kamwe.

"Ila nina swali moja," akasema. "Kama ningemuuzia mtu mwingine, huyo mtu akapata hasara, mimi nikaja nikakwambia nimepata faida. Ungefurahi?"

Mimi kazi yangu ni kutengeneza cha uongo kifanane na cha kweli. Ningeweza kumpa ndiyo safi, yenye rangi ya asili, isiyoonekana kiungo. Tanuri lilikuwa palepale, upande wa pili wa neno moja. Aligeuka akanitazama, mikono ikichuruzika povu, na nikaona kwamba anatamani sana niiseme hiyo ndiyo.

"Hapana," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ningeumwa."

Alifuta mikono kwa gauni lake, jambo ambalo huwakataza watoto wake. Hakukasirika. Nadhani alikuwa analijua jibu na alitaka tu kuona kama na mimi ninalijua.

"Asante kwa kusema kweli," akasema. "Basi sikurudishii."

Akanipa sahani nyingine. Nikaikausha, nikaiweka juu ya zile nyingine, nikashusha pumzi ndefu. Tangu alipoanza kusema nilikuwa naogopa kwamba atanirudishia. Kwa hisa alikuwa amekwisha kunishinda. Angenirudishia, angekuwa amenishinda hata kwa wema, na hilo nisingemsamehe.